Siku Bi. Mosi Alipokataa Kushuka

Bwana na ahimidiwe, ndugu zangu. Semeni amina kwa sauti, maana mie si mzoefu wa kusimama mbele za watu, na amina zenu ndizo zitakazonishika mkono mpaka nimalize.

Wengi wenu mnanijua. Mie ni Esta, mke wa Danieli fundi baiskeli, na tunakaa kule Ng'ambo. Wazee wetu walitoka bara kuja kuchuma karafuu, wakazaa hapa na wakazikwa hapa. Sina kwetu kwengine. Leo nimeomba nafasi niwasimulie jinsi Mungu alivyotutoa mahali ambapo kila mlango tulioubisha ulikuwa na mtu nyuma yake anayesema hapana. Na aliyemtumia ni mama mmoja Mwislamu, jirani yetu, mwenye donda mguuni. Mungu hachagui kama tunavyochagua sisi.

Danieli wangu ana mkono mmoja mzima. Ule wa kulia ulibanwa na mlango wa lori bandarini, alipokuwa kijana anapakia magunia, na tangu siku ile vidole vitatu havikunjiki. Lakini alijaaliwa akili ya vyuma. Akaajiriwa katika duka la baiskeli Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho ukikutana na mwenye kikapu kichwani lazima mmoja wenu arudi nyuma. Alifanya kazi pale tangu hatujaoana.

Mapinduzi yalipokuja nchi iligeuka. Waliokuwa chini waliinuka, na sisi tukainuka nao, hilo sitalificha. Watoto wetu waliingia skuli ambazo mie nlizipita kwa nje tu. Lakini tajiri wake Danieli, baada ya miaka michache, alifunga duka akaondoka na aila yake. Siku ya mwisho alimfungulia chumba cha nyuma akamwambia, "Chukua utakachoweza kubeba, bwana." Danieli alirudi nyumbani na fremu kuukuu, ringi, cheni na kopo la spoki. Ajira ikawa imekwisha.

Ndugu zangu, kuna umasikini wa kukosa na kuna umasikini wa kutazamwa. Tulikosa, na tukatazamwa. Nilikuwa nnapika mahamri nnauza asubuhi, lakini unga ukaadimika, foleni ikawa ndefu, na mara nyengine nnafika mbele nnaambiwa umekwisha. Baiskeli mpya hazikuwa zikiingia, na za zamani zilikosa vipuri, kwa hiyo hata pancha za kuziba zilikuwa chache. Serikali ilikuwa inagawa mashamba, na Danieli naye alipewa eka tatu upande wa Kidichi. Alikwenda na jembe. Akiliinua, lamponyoka. Akilifunga mkononi kwa kamba, mkono unavimba. Mwisho akalirudisha shamba lile kwa heshima, apewe mwenye mikono miwili. Mtaani ikasemwa, "Yule mvivu. Kapewa ardhi kaitupa." Alipita njiani kichwa kimeinama, mume wangu ambaye hajalala siku hata moja jua limechomoza.

Siku moja baharia wa meli ya mizigo aliletwa kwetu kuzibiwa pancha. Akawa anamhadithia Danieli miji aliyofika, na kwamba huko kuna baiskeli za magurudumu matatu zenye kiti cha abiria nyuma, na watu wanaishi kwa kazi hiyo. Baharia alipokwisha kuondoka, Danieli aliniambia, "Esta, miguu yangu yote miwili ni mizima."

Chombo cha namna hiyo tulikiunda sisi wenyewe. Yeye alikuwa mkono mmoja na mie nikawa mkono wa pili. Nilishika fremu akagonga, nilibana nati akakaza. Fundi mmoja wa Darajani akatuchomea vyuma kwa wema wake tu. Kiti tulikitoa kwenye kochi la zamani, kivuli tulikishona kwa turubai, na breki Danieli aliiweka mguuni kwa sababu ya mkono wake. Tukakipaka rangi ya kijani. Watu wa mtaani wakakiita kigari, na majirani wakawa wanakuja kukikalia tu pale uwanjani, wanacheka, wanashuka.

Na haja yake ilikuwapo. Teksi zilikuwa chache na nyengine zimelala juu ya mawe kwa kukosa matairi. Vichochoro vya Mji Mkongwe gari haipiti. Mwenye mimba, mzee, mgonjwa, wote kwa miguu. Danieli alisema atapata leseni, kisha ataanza. Hakutaka kuanza kwa kujificha.

Basi tukaenda ofisi ya leseni. Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kalamu, na kalamu ile haikuwa na pa kuandika.

"Baiskeli?" akauliza.

"Ndiyo, bwana," akasema Danieli.

"Magurudumu mangapi?"

"Matatu."

"Basi hiyo si baiskeli. Baiskeli ina mawili. Gari la ng'ombe?"

"Halina ng'ombe, bwana."

"Punda?"

"Hata punda."

"Gari ya moto?"

"Haina injini. Nnaendesha kwa miguu yangu."

Karani akaweka kalamu chini. "Sasa unataka nikuandike wapi, juu ya meza?"

Tulirudi tena na tena. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, mkubwa yuko shamba, mkubwa yuko mkutanoni. Tukaomba basi kibebe mizigo tu. Tukaambiwa mizigo ina wachukuzi wake na utaratibu wake. Mwisho karani yule alituonea huruma akasema, "Leteni barua ya tawi la chama la mtaa wenu. Tawi likikubali, wakubwa watatafuta pa kukuandikeni. Tawi likikataa, msinisumbue tena."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Kwa sababu tawini kwetu kulikuwa na Mzee Sudi.

Nikuelezeni Mzee Sudi alikuwa nani. Alikuwa mrefu, mgongo umejipinda kidogo, na mtaa mzima ulimheshimu kwani hakula haki ya mtu. Ujana wake wote aliukokota katika riksha, yale magari madogo ya magurudumu mawili ambayo mtu alikuwa anaingia baina ya miti yake miwili kama punda, akawavuta mabwana na mabibi zao kutoka bandarini mpaka majumbani. Katika kamati ya tawi, neno lake likishasemwa wengine hufunga mdomo.

Tulimkuta barazani kwa tawi, na wajumbe wenzake wamekaa kwenye mabenchi. Tukaamkia, akaitikia marahaba. Danieli akaeleza. Mzee Sudi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akapandisha kikoi chake mpaka magotini.

"Danieli, unaiona miguu hii?"

Tuliiona. Mishipa ilikuwa imetoka nje kama kamba zilizosokotwa.

"Hii imekokota watu. Mwengine alikuwa ananigusa mgongoni kwa bakora nizidishe mbio. Siku tuliyokomboka niliapa mbele ya wenzangu hawa: katika mtaa huu mtu hatamkokota mtu tena. Leo weye unaniletea riksha, umeitia pedeli tu."

Danieli akasema, "Mzee wangu, mie hii nnaendesha kwa kupenda. Hakuna anayenilazimisha."

"Hata mie nikiulizwa nlikuwa nnasema nnapenda," akajibu Mzee Sudi.

Barua hatukupata. Na kilichoniuma zaidi ni kuwa sikuweza kumchukia yule mzee. Angekuwa mla rushwa ningemlaani nikalala. Lakini alikuwa anasema kweli yake, na kweli yake ilikuwa imetukaba shingo.

Masika ikapita. Kigari kikakaa uwanjani kimefunikwa makuti, kuku wakawa wanatagia chini ya kiti. Mtoto wetu mkubwa akawa anakwenda skuli na sare iliyoshonwa shonwa mpaka kitambaa hakijulikani ni kipi. Nikaona mume wangu anakuwa mtu wa kunyamaza. Akaanza kutaja bara, kijiji cha babu yake ambacho hata jina lake hakulijua sawasawa. Kisha asubuhi moja nikamkuta amechutama mbele ya kigari, spana mkononi, ameshafungua gurudumu moja.

"Unafanya nini, Danieli?"

"Nnakivunja. Mtu wa Makunduchi anataka ringi."

Nikamshika ule mkono wake mbovu. Nikamwambia, "Nipe mpaka Jumapili. Lirudishe gurudumu." Akalirudisha.

Akina mama wa kanisa hili ni mashahidi wangu. Mlifunga pamoja nami. Tuliomba humu ndani, na maombi yangu yalikuwa mafupi, maana nilishachoka kupanga maneno. Nilisema, "Ee Mungu, mwondoe mzee huyu njiani." Sikumtakia kifo, msinielewe vibaya. Nilitaka apewe kazi nyengine, ahamishiwe tawi jengine, apande cheo, mradi atoke pale. Ndivyo nilivyomfundisha Mungu kazi yake. Yeye alikuwa na njia yake.

Ijumaa ya wiki ile ile, asubuhi, nikasikia naitwa kwa juu ya ukuta wa makuti. "Bi. Esta! Weye Bi. Esta!"

"Naam," nikaitika.

Alikuwa Bi. Mosi, mke wa Mzee Sudi. Amesimama anashikilia nguzo, mguu mmoja umefungwa vitambaa. Mama yule alikuwa na donda kifundoni ambalo lilikataa kupona, na kila mara alitakiwa spitali akasafishwe. Kwa miguu hakuweza tena. Mwezi uliopita walimlaza juu ya gari la hamali, lile la kukokotea mizigo.

"Mwanangu," akaniambia, "nasikia mumeo ana kiti kinachokwenda."

"Kipo, Bi. Mosi. Lakini hatuna ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuchukua abiria. Mzee amekataa."

"Abiria ni mwenye kulipa. Mie silipi. Mie ni jirani nnaumwa mguu. Nitolee kiti changu."

Nikamtazama Danieli. Danieli akanitazama. Mzee Sudi alikuwa ameshatoka kwenda tawini. Tukijua kabisa kwamba akisikia tumekwisha, tukamwondoa kuku chini ya kiti, tukafuta vumbi, tukampandisha Bi. Mosi. Nami nikafuata kwa miguu, nimeshika mkoba wake.

Ndugu zangu, natamani mngemwona yule mama. Alikaa wima, buibui limetandazwa vizuri, turubai limemkinga jua. Danieli alikwenda pole pole akikwepa mashimo. Tulipofika barabara kubwa watu wakasimama kutazama, na Bi. Mosi akawa anawaamkia mmoja mmoja kwa majina. "Sabalkheri, Bi. Zuhura! Hujambo, Mwanaidi?" Kama bibi arusi anayepelekwa kwa mume. Spitalini wakamsafisha donda, wakalifunga upya, wakamwambia asiukanyagie mguu ule hata kidogo.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na soko la Darajani, askari akanyoosha mkono.

"Simama. Leseni ya chombo hiki iko wapi?"

Danieli akasimama akamwambia kweli. "Hatujapewa, afande. Tumeomba, tunasubiri."

"Na umebeba mtu."

"Ni jirani, mgonjwa. Sikumtoza kitu."

"Hayo utayaeleza kituoni. Chombo nnakizuia. Bibi, shuka tafadhali."

Bi. Mosi akageuza shingo taratibu. "Nani ashuke?"

"Weye, bibi."

"Mwanangu, mguu huu umefungwa sasa hivi. Dakitari kaniambia nisiukanyagie. Ukitaka nishuke, nibebe."

Watu walishaanza kukusanyika, wauza samaki, wanunuzi na vikapu vyao. Askari akatazama huku na huku. Alikuwa kijana, na mama yule alikuwa rika la bibi yake. Akamwambia tena kwa upole, "Bibi, sheria inasema chombo kisicho na leseni hakibebi mtu."

"Basi iambie sheria ije inichukue," akasema Bi. Mosi. "Sishuki."

Askari akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Mwisho akasema, "Kaa hapo hapo, bibi. Twende kituoni hivyo hivyo." Lakini akamkataza Danieli kupiga pedeli, kwamba itakuwa anaendelea na kosa mbele ya macho yake. Basi Danieli akashika usukani akatembea kando, na askari mwenyewe akaenda nyuma akasukuma. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mie sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza watoto watakula kwa nani Danieli akifungwa.

Kituoni, mkuu wa pale akatoka nje, akaona kigari, akamwona Bi. Mosi juu yake, akauliza, "Huyu mama mtu wa nani?"

"Mke wa Sudi wa tawi," akajibu Bi. Mosi mwenyewe.

Mkuu akamtazama askari wake. Askari akatazama viatu. Akatumwa mtu mbio kwenda kumwita Mzee Sudi.

Nilikaa chini ya ukuta wa ua ule nikamwambia Mungu, "Nilikuomba umwondoe, na sasa umemleta." Nilidhani ndio mwisho wetu.

Akaja. Alikuja kwa haraka, jasho limelowesha kanzu yake ya Ijumaa, kwa sababu aliambiwa mkewe yuko polisi na hakuambiwa kwa nini. Akaona kigari. Akasimama.

"Mosi. Umefanya nini?"

"Nimekwenda spitali."

"Kwa riksha?"

"Kwa kiti cha Danieli."

"Nani kakuruhusu?"

"Mguu."

Mkuu wa kituo akajifanya anakohoa. Mzee Sudi akamgeukia Danieli, na uso ule nikauona nikafumba macho. Lakini Bi. Mosi hakumpa nafasi.

"Sudi, usimtazame yeye, nitazame mie. Nikuulize mbele ya hawa. Ulipokuwa unakokota, ulibeba wake za watu wangapi?"

"Wengi," akasema.

"Mie ulinibeba siku gani?"

Mzee Sudi akautazama ule mguu uliofungwa vitambaa.

"Nilipoolewa nilitoka kwetu kwa miguu, na riksha imeegeshwa pale uwanjani, kwa sababu ni ya tajiri. Nilipokuwa na mimba ya mwanetu Maulidi nilikwenda kwa mkunga kwa miguu. Sikukulaumu hata siku moja, chombo hakikuwa chako. Lakini mwezi uliopita nimelazwa juu ya gari la hamali baina ya mapapa makavu, kama gunia la mbata, watu wananitazama. Hilo hukuliapia, Sudi?" Akavuta pumzi. "Leo nimekaa kitini. Nimefunikwa jua. Nimeamkiana na watu. Ukitaka nishuke, niambie weye."

Niliwasikia kunguru juu ya paa.

Mzee Sudi akakisogelea kigari. Akagusa usukani. Akapapasa kiti, akalifunua turubai akatazama lilivyoshonwa. Kisha akamwuliza Danieli, kwa sauti ya chini sana, "Chombo hiki cha nani?"

"Changu, Mzee."

"Hakuna tajiri nyuma yako?"

"Hakuna. Nimekiunda mimi na mke wangu."

"Jioni unampelekea nani hesabu?"

"Mke wangu."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayejibu swali ambalo sisi hatukulisikia. Akasema, "Breki iko wapi?"

Danieli akamwonesha. Na Mzee Sudi akakunja kanzu yake, akaifunga kiunoni, akapanda.

Mwanzo kilimyumbisha, maana miguu yake ilizoea kukimbia na haikuzoea kuzungusha. Akazunguka ua mara moja. Kofia yake ikaanguka, hakuiokota. Mkewe nyuma yake amekaa wima vile vile, ila mkono mmoja umeziba mdomo. Akazunguka tena, safari hii kigari kimenyooka, na alipofika langoni hakugeuza. Akatoka nacho.

Askari akapiga kelele, "Mzee! Hicho ni kielelezo cha kesi!"

"Kitarudi," akajibu bila ya kutazama nyuma. "Nshawabeba wake za watu maisha yangu yote. Leo nnampeleka wangu nyumbani."

Mkuu wa kituo akamwambia askari, "Basi kifuate. Si kielelezo chako?"

Tukakifuata sote, askari, Danieli na mie, na watoto wa mitaa yote tuliyopita. Watu walitoka milangoni. Wanawake wakapiga vigelegele hata bila ya kujua kuna nini. Penye mwinuko miguu ya mzee ikakataa, Danieli akaingia nyuma akasukuma, na mzee hakukataa kusukumwa. Hivyo ndivyo Bi. Mosi alivyofikishwa kwake. Haleluya, ndugu zangu!

Alipokwisha kumshusha, Mzee Sudi alikaa barazani akifuta jasho. Hakutuomba radhi, na hatukuwa tunangojea radhi. Alisema tu, "Nlikuwa sijui kama mtu anaweza kuvuta na moyo wake ukawa mwepesi." Kisha akamwambia Danieli, "Njoo tawini siku ya mkutano. Na uje na huyo mkeo."

Msidhani siku ile ya mkutano mambo yalikuwa mepesi. Wajumbe wengine walimgeuka. Mmoja akamwambia wazi kwamba amelegezwa na mwanamke. Mzee Sudi akasimama akawaambia kiapo chake kiko pale pale, hajakivunja wala hatakivunja. Akaweka sharti, na sharti lile linafuatwa mpaka leo: kigari kiendeshwe na mwenyewe. Asije mtu akanunua vingi akawatia watoto wa masikini wamtumikie yeye amelala. "Anayevuta ndiye mwenye chombo," akasema. "Kilichonitesa mie ni kule kuvuta na chombo si changu." Waliokuwa wanabisha walitazamana. Barua ikaandikwa mbele yetu, na kesi ya kituoni ikafutwa.

Ofisi ya leseni alikwenda nasi yeye mwenyewe. Karani alipoanza tena kuuliza ng'ombe na injini, Mzee Sudi akavuta kiti akakaa. Akasema hana haraka, ameshakula. Wakubwa wakaitana, wakaingia, wakatoka, wakakitazama kigari nje kwa dirisha. Wakataka taa, tukatia taa. Wakataka kengele, tukatia kengele. Wakataka breki ipimwe na polisi, na aliyetumwa kuipima alikuwa askari yule yule aliyetukamata. Alikaa nyuma, akaamuru Danieli aende mbio kisha asimame ghafla, nusura aruke nje. Akashuka anajipangusa akasema, "Breki nzuri." Tukagongewa kibati cha namba nyuma ya kiti, na Danieli alikishika kwa vile vidole vyake visivyokunjika, akawa anakipapasa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Siku ya kwanza ya kazi Bi. Mosi aliwahi kabla ya mtu mwengine yeyote. Danieli hakutaka kumtoza. Akakasirika kweli. "Leo mie si jirani, leo mie ni abiria," akasema, na akalipa mbele ya uwanja mzima. Donda lake lilichukua muda, lakini alikuwa hakosi tena spitali, na kidogo kidogo likafunga. Sasa anatembea na mkongojo wake, na akitaka kujishaua anapanda kigari hata pasipo haja.

Watoto wangu wanakula, wanasoma. Danieli anapita njiani anaitwa kila upande. Wenzake wawili wenye vilema kama yeye nao wameunda vyao, akawasaidia, kila mmoja na chake. Na Mzee Sudi siku za sikukuu yetu huja kututembelea, anakaa uwanjani kwetu anakunywa chai. Dini yake ni yake na yangu ni yangu, na sote twajua aliyetukutanisha ni nani.

Nimefika mwisho, ndugu zangu. Nilimwomba Mungu amwondoe mtu njiani kwangu. Kumbe mtu yule ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo, na alikuwa na kidonda chake ambacho mie sikukiona kwa sababu nilikuwa nnatazama changu. Ningejibiwa nilivyoomba, ningekuwa mpaka leo nafukuza kuku chini ya kiti. Namshukuru Bwana kwa kunijibu vyengine.

Najua humu ndani yuko aliyekuja leo na jina la mtu moyoni, mtu anayemzibia riziki yake, ofisini, nyumbani kwa wakwe, au jirani ukuta kwa ukuta. Dada yangu, kaka yangu, usiogope kulitaja jina hilo mbele za Mungu. Mtaje, kisha mwachie Yeye. Njoo hapa mbele sasa, kabla hatujaimba. Nitapiga magoti pamoja nawe, na jina la mtu wako tutaliombea heri.